Jina Likishaitwa

Ndugu msomaji, katika mitaa yetu haikosekani nyumba yenye kijana mmoja ambaye kila mgeni anayebisha hodi humtazama toka unyayoni hadi utosini, kisha huuliza, "Huyu mrefu namna hii, mbona hamjampeleka kwenye mpira wa kikapu?" Mama hucheka. Baba hunyamaza, kumbe moyoni anapiga hesabu. Na hesabu yenyewe, tusifichane, ina vituo vitatu tu: kijana anapanda ndege kwenda Marekani, anasomeshwa chuo kikuu bila ada, anatia sahihi mkataba wa mamilioni ya dola. Baina ya kituo na kituo baba haoni bonde wala mlima.

Leo nimependa tuitazame njia hiyo bila ya kupambiwa, na tutaitazama kwa kumfuata mtu mmoja aliyeipita yote kwa miguu yake, tena mtoto wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet. Jina hilo lilitutoka midomoni sana mwaka 2009. Wengi wetu tulisikia habari zake mara mbili tu: mara ya kwanza tuliambiwa kwamba amechaguliwa wa pili katika vijana wote waliokuwa wakiingia katika ligi ya kulipwa ya Marekani, yaani NBA, mara ya pili tuliambiwa kwamba ameshindwa. Wapo waliofurahi, wakasema aliye juu mngoje chini. Hao hawakuuliza huko juu kulikuwaje, wala huko chini ni wapi.

Thabeet alizaliwa tarehe 16 Februari, 1987. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mvulana, akabaki na mama na nduguze. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, na hapo naomba msomaji atue kidogo, kwa maana ndipo penye mzizi wa mambo mengi yaliyofuata. Mtoto wa Marekani atakayekuja kucheza chuo kikuu aghalabu huushika mpira angali wa darasa la kwanza au la pili. Anapofika miaka kumi na mitano, mikono yake imekwisha kuuzoea mpira kama mikono ya msusi inavyozijua nywele, asiangalie anachofanya. Urefu unaweza kumpa kijana nafasi ya kuchukuliwa hata akichelewa kuanza, lakini haumrudishii ile miaka minane ya kudundisha mpira uani. Tena mrefu ana taabu yake ya pekee: mwili unapokua kwa kasi, miguu huwa kama ya kuazima, na kuifundisha kugeuka, kurudi nyuma na kusimama ghafla ni kazi ya miaka.

Hapa nyumbani alipitia Makongo, akaenda kusoma na kucheza Kenya katika shule ya Laiser Hill, na hatimaye akavuka bahari hadi Marekani, ambako alimalizia masomo ya sekondari katika shule moja ya Kikristo mjini Houston, jimbo la Texas. Mwaka 2006 alipokelewa Chuo Kikuu cha Connecticut. Msomaji asidhani hicho ni chuo cha kando. Mwalimu wa timu, Jim Calhoun, alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa vyuo vyote vya Marekani mara mbili, mwaka 1999 na 2004, na mikononi mwake alikuwa amepita Emeka Okafor, kijana wa wazazi wa Kinigeria, ambaye naye aliitwa wa pili alipoingia NBA mwaka 2004. Kama kulikuwa na mahali pa kumpeleka mtoto mrefu anayehitaji kufundishwa, basi palikuwa pale.

Na kweli alifundishwa. Mwaka wa kwanza alipata wastani wa pointi 6 kwa mchezo. Mwaka wa pili zikawa 10 na nusu. Mwaka wa tatu zikapita 13, na mipira inayorudi ubaoni akawa anaidaka zaidi ya 10 kila mchezo. Walakini sifa yake kubwa haikuwa kufunga. Sifa yake ilikuwa kuwanyima wengine. Katika miaka mitatu alizuia mipira 417 iliyokuwa njiani kuelekea kikapuni, na mwezi Januari 2009, walipocheza na chuo cha Providence, alizuia 10 katika mchezo mmoja, akafunga pointi 15 na kudaka mipira 11. Msimu huo Connecticut walifika nusu fainali ya taifa zima, wakatolewa na Michigan State mjini Detroit kwa pointi 82 kwa 73. Katika ligi yao, iitwayo Big East, Thabeet alitangazwa mchezaji bora wa mwaka, akigawana heshima hiyo na kijana wa Pittsburgh aitwaye DeJuan Blair.

Huyu Blair tusimwache apite hivi hivi. Alikuwa mfupi kwa wachezaji wa nafasi yake, futi 6 na inchi 7, ilhali Thabeet ni futi 7 na inchi 3. Tarehe 16 Februari, 2009, siku ambayo Thabeet alitimiza miaka 22, timu zao zilikutana. Connecticut ndio waliokuwa wakihesabiwa wa kwanza nchini. Blair aliingiza kifua chake kipana chini ya kiuno cha mrefu, akamsukuma nje ya eneo, na mara moja walipokuwa wakigombea mpira mikono yao ikanasana akamrusha juu ya bega lake hadi sakafuni. Usiku ule Blair alipata pointi 22 na mipira 23. Thabeet alipata pointi 5 na mipira 4, na Pittsburgh wakashinda. Kwa watazamaji ulikuwa mchezo mmoja uliopotea miongoni mwa mingi iliyoshindwa. Kwa wale wazee wa klabu za kulipwa, ambao kazi yao ni kukaa jukwaani na daftari, ulikuwa swali: je, ligini si ndimo wanamojaa watu wenye vifua vya namna hii?

Hapo pana jambo ambalo mtazamaji wa kawaida halioni, na ambalo mimi naliona kuwa kiini cha hadithi yote. Mchezo wa chuo na mchezo wa kulipwa vinafanana kama pacha, lakini havina sheria moja. Chuoni mlinzi mrefu aweza kusimama chini ya kikapu muda wote apendao, kama bawabu aliyewekewa kiti mlangoni. Kila ajaye na mpira atamkuta pale pale, mikono juu. Thabeet alikuwa bawabu ambaye vyuo vilikuwa havijapata wengi kama yeye. Katika NBA, tangu msimu wa 2001–02, bawabu huyo amenyang'anywa kiti: mlinzi hawezi kukaa ndani ya eneo lililopakwa rangi kwa zaidi ya sekunde 3 iwapo hayuko karibu na mtu anayemlinda. Ni lazima atoke, arudi, atoke tena. Kisha kuna ule mstari wa pointi tatu. Chuoni wakati wake ulikuwa mita 6.32 kutoka kikapuni; kwa wa kulipwa ni mita 7.24 pale mbele. Usiione tofauti hiyo kuwa ndogo. Kila hatua ambayo mpigaji mzuri anarudi nyuma, mlinzi hulazimika kumfuata, na uwanja ule ule huwa mpana kwa yule anayebaki katikati.

Na yupo mwingine wa kumtaabisha. Mchezaji mfupi mwenye mpira humtumia mwenzake mrefu kama ukuta, mlinzi wake akagonga na kukwama. Papo hapo senta wa upande wa pili inambidi aliache lango lake, atoke kumkabili kijana mwenye miguu ya swala mahali ambapo urefu haumsaidii kitu. Mchezo huu wa ukuta huchezwa tena na tena, usiku kucha, katika michezo 82 ya msimu, kila mchezo dakika 48 badala ya 40 za chuoni. Anayesalimika ni yule ambaye miguu yake ilijifunza mapema kutembea kiubavu. Sasa msomaji akumbuke ile miaka kumi na mitano.

Je, hakupaswa basi kubaki chuoni mwaka wa nne? Wengi wamesema hivyo, na ni maneno mepesi kuyasema ukiwa umeketi. Mimi sikubaliani nao. Mchezaji wa chuo wakati ule alipewa masomo, malazi, chakula na vitabu, hapewi mshahara, na goti moja likivunjika mazoezini ahadi zote zingeyeyuka. Vyuo vya daraja la juu vilikuwa zaidi ya 340, kila kimoja kikiruhusiwa kufadhili wachezaji 13 wa mpira wa kikapu wa kiume. Zidisha, utapata zaidi ya vijana 4,400. Waliochaguliwa mwaka ule, kutoka vyuoni na kutoka nchi za ng'ambo, walikuwa 60. Kijana aliyefiwa na baba, akaambiwa kwamba yumo miongoni mwa watatu wa kwanza wa hao 60, akikataa ili ajifunze zaidi, mama yake angekuwa na haki ya kumwuliza kama ana homa.

Tarehe 25 Juni, 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, jina lake liliitwa la pili, baada ya Blake Griffin. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuitwa kabla yake. Nyuma yake waliitwa James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Leo watu hupenda kuucheka uteuzi huo, na kwa macho ya leo ni rahisi kuucheka, maana hao wawili walikuja kuwa wachezaji bora wa ligi nzima. Lakini Curry alipitwa na klabu tano, moja ikampita mara mbili mfululizo, na wote hao walikuwa watu wenye kazi zao.

Klabu iliyomwita ilikuwa Memphis Grizzlies. Hapa pana jambo jingine ambalo wazazi hawaambiwi: mchezaji hachagui klabu. Anapangiwa, kama mwalimu aliyehitimu anavyopangiwa kituo, na utaratibu wa kura huzipa nafasi za mbele klabu zilizofanya vibaya. Memphis walikuwa wameshinda michezo 24 tu kati ya 82. Ungedhani wangekuwa na subira na kijana. Bahati yake mbaya ni kwamba msimu huo huo walianza kupona. Nafasi yake ya katikati ilikuwa ya Marc Gasol wa Hispania, kando yake wakamweka Zach Randolph, na klabu ikashinda michezo 40. Mwalimu wa timu inayoshinda hana muda wa kumsubiri mwanafunzi. Thabeet alicheza michezo 68, lakini dakika zake zilikuwa kama 13 kwa mchezo, na pointi zake 3 hivi.

Februari 2010 walimpeleka ligi ya chini, timu ya Dakota Wizards, katika mji wa Bismarck, jimbo la North Dakota, kaskazini kabisa ambako majira hayo theluji haijafikiri kuondoka. Hakuna aliyeitwa mapema kama yeye aliyekuwa amepelekwa huko kabla yake, na magazeti yaliandika kana kwamba kijana amefukuzwa shule. Kwa kweli ndiko kulikokuwa na kitu alichokihitaji kuliko vyote, yaani dakika za kucheza, kukosea na kusahihishwa. Alikaa muda mfupi, akarudishwa Memphis kwenye benchi.

Februari 2011 waliuza mkataba wake kwa Houston Rockets. Miezi miwili baadaye Memphis waliwatoa San Antonio katika mtoano, Thabeet akiwa hayupo. Kule Houston alicheza michezo 7 kwa muda wa mwaka mzima na zaidi. Machi 2012 akapelekwa Portland. Julai mwaka huo akatia sahihi na Oklahoma City Thunder, timu iliyokuwa imetoka kucheza fainali, akakaa misimu miwili kama mlinzi wa akiba, anaingia dakika chache wenzake wapumzike. Mwaka 2014 njia ya NBA ikafika mwisho wake. Ukijumlisha yote ni misimu mitano, michezo 224, wastani wa pointi 2 na kitu. Baada ya hapo alirudi ligi ya chini, kisha akaenda kulipwa huko Japani na Taiwan, akicheza hadi alipovuka miaka thelathini.

Sasa nawaomba wale wanaosema ameshindwa waniambie: ameshindwa na nini? Michezo 224 katika ligi ambayo kwa wakati wowote ina watu 450 hivi toka dunia nzima si kushindwa. Kilichoshindwa ni matumaini tuliyomtwisha sisi usiku wa tarehe 25 Juni, tukidhani jina likishaitwa kazi imekwisha. Mkataba wenyewe haukufikiri hivyo. Kwa kanuni za ligi, aliyeitwa katika raundi ya kwanza huhakikishiwa mshahara wa miaka miwili. Mwaka wa tatu na wa nne ni hiari ya klabu. Aliyeitwa raundi ya pili hana uhakika wowote mpaka klabu ikubali. Yaani siku ile ya kofia na picha, kijana huwa ameingia chumba cha mtihani, na mlango umefungwa nyuma yake.

Na Blair je? Aliitwa wa 37, raundi ya pili, kwa kuwa madaktari waliogopa magoti yake. Alichukuliwa na San Antonio, klabu tulivu yenye mwalimu mzoefu, Gregg Popovich, na tangu mwaka wa kwanza akapewa dakika. Sisemi kwamba wangebadilishana klabu mambo yangekuwa kinyume; nasema tu kwamba mahali alipoangukia kila mmoja kulikuwa na uzito usiopungua ule wa kipaji.

Njia yenyewe imebadilika tangu wakati huo, na mzazi mwenye kijana mrefu leo asiisome kwa ramani ya 2009. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina na picha zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Walakini kwa mgeni mwenye viza ya mwanafunzi jambo hilo lina vikwazo vya uhamiaji, asije akadanganywa. Kila klabu ya NBA sasa ina timu yake ya chini, hivyo kijana hupelekwa huko kujifunza pasipo mtu kuona ni aibu. Na tangu 2021 Afrika ina ligi yake ya klabu, BAL, iliyoanzia Kigali.

Mtazame Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, mrefu wa futi 7 na ushei. Naye alichelewa, alianza akiwa na miaka kumi na mitatu hivi. Lakini kabla ya kukanyaga chuo alikuwa amekwisha kucheza BAL dhidi ya watu wazima, akaichezea nchi yake Kombe la Dunia mwaka 2023 na Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Alikaa mwaka mmoja tu Chuo Kikuu cha Duke, na Juni 2025 akaitwa wa 10. Vile vifua vipana ambavyo Thabeet alivikuta ukubwani, huyu alivionja nyumbani.

Basi mama na baba, akija mtu mlangoni na kadi yenye jina la shule ya ng'ambo, asirudishwe, ila aulizwe. Shule hiyo inatambuliwa na nani, na cheti chake kinakubaliwa na vyuo? Mtoto atalala kwa nani? Akiumia, ni nani atakayemtibu, na tiketi ya kurudi iko mikononi mwa nani? Je, zipo karatasi anazotaka zitiwe sahihi ambazo zaweza kumfanya mtoto ahesabiwe kuwa mchezaji wa kulipwa kabla ya wakati, na kumfungia nafasi ya chuo? Matokeo ya kidato cha nne yatakaguliwa, kwa hiyo somo la hesabu lisiachwe eti kwa sababu kuna mazoezi. Kisha mwulizeni swali moja ambalo wengi wao hawalitarajii: katika timu hiyo, mwanangu atacheza nyuma ya nani, na atapewa dakika ngapi?